Uzi maalumu wa kuchuja mokteli: chujio la chai, Hawthorne, shashi, chaina grasi mpaka maziwa. Karibuni tunoane

FundiWaShira (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara humu mtu anauliza afanyeje mokteli yake (kinywaji cha kuchanganya kisicho na pombe) ifanane na ya hotelini, na kila mara anajibiwa kwa orodha ya juisi. Juisi tunazo jamani. Pasheni, ukwaju, nanasi, rosela, tende, tangawizi, soko gani halina? Kinachoiangusha mokteli ya nyumbani, kwa maoni yangu, ni kuchuja. Ama haichujwi kabisa, ama inachujwa mpaka yanabaki maji ya rangi.

Kwenye kokteli yenye pombe unaweza kuzembea kidogo ukasameheka, maana pombe ina ukali wake na uzito wake mdomoni. Ukiiondoa, ulimi unakutana na kila kitu: uzi wa embe, jani la nanaa lililonasa kwenye jino, chenga za barafu zinazoendelea kuyeyuka mpaka glasi inakuwa maji kabla mgeni hajafika nusu. Halafu pombe inachelewesha kuganda, ndiyo maana kokteli iliyotikiswa vizuri inashuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Juisi yako haifiki huko. Ikitoka kwenye sheka (chombo cha kutikisia) na chenga za barafu ndani, chenga hizo zina kazi moja tu, kuongeza maji.

Sasa vifaa. Sheka zinazouzwa sana mtaani ni zile za vipande vitatu, zenye matundu kwenye mfuniko. Matundu yale yanazuia barafu kubwa, basi. Ukitia nanaa au nyama ya tunda yanaziba, unabaki unapigapiga kitako cha sheka kama unafukuza ngedere shambani.

Wenye kazi yao hutumia vikombe viwili vya chuma na chujio la Hawthorne. Ni kibapa chenye matundu na mkono mfupi, na springi imezunguka ukingoni. Kimekaa kwenye kaunta za Marekani tangu mwishoni mwa karne ya 19 na hakijabadilika sana, maana springi ile inajibana yenyewe kwenye mdomo wa kikombe, chembamba au kipana. Upenyo unaupanga wewe kwa kidole cha shahada. Ukilisukuma mbele mpaka liguse ukingo, kinywaji kinatoka chembamba na chenga zinabaki. Ukiliachia nyuma kidogo, kinatoka kwa kasi na baadhi ya chenga zake. Ukilinunua angalia springi: mizunguko iwe imekaribiana. Ikiwa imeachana mpaka unaona upande wa pili, umenunua pambo.

Kuna lile la julepu, kama kijiko kikubwa chenye matundu. Ni la vinywaji vinavyokorogwa na barafu kwenye glasi bila kutikiswa. Vinywaji vyetu vingi vina juisi, na juisi hutikiswa, kwa hiyo msiumize mfuko kwa hilo.

La tatu ni chujio dogo la wavu mwembamba lenye umbo la pia. Unalishika juu ya glasi kwa mkono wa kushoto, wa kulia unamimina kutoka kwenye sheka yenye Hawthorne, kinywaji kinapita mara mbili kwa wakati mmoja. Chujio la chai la chuma linafanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba lenye ncha linakusanya kinywaji mahali pamoja, halirushi pembeni.

Mfano ninaoupenda: pasheni mililita 60, ndimu 15, shira 20, kijiko cha chai cha maji ya tangawizi, majani machache ya nanaa. Pasheni usiisage mfululizo. Washa na kuzima blenda mara chache tu, nyama iachie mbegu. Mbegu zikipasuka unapata madoa meusi na uchungu ambao chujio haliondoi. Tangawizi ikune, ikamue kwenye kitambaa, halafu iache itulie. Utaona unga mweupe umetuama chini. Mimina cha juu, unga uache. Tikisa vyote kwa nguvu na barafu, sekunde kumi au kumi na mbili, chuja mara mbili.

Wavu ukijaa, usikandamize kwa kijiko. Gonga ukingo wa chujio polepole, nyama inahama na njia inafunguka. Ukikandamiza unapitisha vile vile ulivyokuwa unavizuia.

Karibuni, na mwenye yake aongeze.

---

Kijiweni_Tu

Mkuu bandiko refu ila nimesoma lote. Swali la kizushi: mimi nina chujio la chai na mtungi wa plastiki wa kutikisia protini za jimu. Unaniambia nikanunue springi?

---

FundiWaShira

Hapana. Mtungi wa jimu na chujio la chai vinatosha nyumbani. Mimina taratibu tu, barafu kubwa izuie kwa mfuniko. Hawthorne inakuwa na maana ukiwa na wageni wengi, mkono unahitaji kasi. Ila chujio la chai unalotumia kwa mokteli lisiwe lile la chai ya maziwa ya kila asubuhi. Harufu ya iliki na moshi haitoki kirahisi, utakunywa nanasi lenye kumbukumbu ya chai.

---

BintiWaForodhani

Assalaam alaykum nyote. Mie nnataka kusema neno juu ya tui, maana naona watu wanapenda kutengeneza ile ya nanasi na nazi halafu wanalalamika inakuwa na mabonge.

Kwetu tui hukamuliwa kwa kifumbu. Nazi ishakunwa kwa mbuzi, inatiwa maji vuguvugu kidogo tu, inafinywa, linatoka tui zito. Machicha yanarudishwa maji, linatoka la pili, jepesi. Kwa kinywaji chukua lile zito, la pili wekea wali wako. Kama huna kifumbu, kitambaa safi cha shashi kinatosha, lakini ukamue kwa mikono miwili kwa kulisokota, si kuliacha lidondoke lenyewe.

Mabonge sasa. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Ukitikisa tui na barafu, mafuta yanaanza kushikana, na ukipitisha kwenye ule wavu mwembamba alousema kaka FundiWaShira, mafuta yote yanabakia juu na chini kinashuka kimaji. Kwa hivyo tui lichujwe vizuri KABLA ya barafu, lichanganywe na nanasi lililokwisha kuchujwa, ndipo litikiswe. Ukimimina tumia chujio la springi peke yake. Wavu weka kando kabisa.

---

FundiWaShira

Dada umemaliza. Hiyo ya mafuta kuganda ndiyo inayowachanganya wengi, wanadhani nazi imeharibika. Na ni mfano mzuri wa kitu ambacho hakitakiwi kuchujwa mara mbili.

---

Mtoto_wa_Bondeni

Wadau wa Dar mnapenda kujitesa. Huku Mombasa juisi ya ukwaju inapondwa kwa mkono, inachujwa kwa chujio la plastiki, inatiwa sukari, inauzwa, na hakuna aliyewahi kurudisha glasi. Hii biashara ya kufanya ukwaju uonekane kama maji ya kisima ni ya kumfurahisha nani? Ukwaju utamu wake ni ule uzito.

---

MkemiaWaMtaa

Mtoto_wa_Bondeni nakubaliana nawe nusu. Ukwaju wa kunywa mezani na pilau uache mzito. Lakini ukitaka kuuchanganya na soda, uzito unakuwa adui. Gesi inapenda kushikamana na chembe. Kila kinyuzi kwenye juisi ni mahali pa kutengenezea povu. Mimina soda juu ya ukwaju usiochujwa uone, unapanda mpaka unamwagika, na gesi yote imeshaondoka. Ukwaju mweupe, yaani usio na ukungu, unakaa na gesi yake muda mrefu zaidi.

Kitambaa peke yake hakitaufikisha ukwaju kwenye weupe. Kinachoshikilia ukungu ule ni pamoja na pektini, ile ile inayogandisha jamu, na inaziba karatasi ya kahawa ndani ya dakika chache. Njia rahisi ni agari, ambayo kwenye maduka mengi ya Wahindi mnaijua kama chaina grasi.

Kwa lita moja ya juisi iliyokwisha kuchujwa kwa shashi, agari ya unga gramu 2. Kidogo hivyo, usiongeze, hutaki jeli ya kukata kwa kisu. Chukua robo lita ya maji, tia agari, chemsha huku unakoroga dakika mbili tatu. Lazima ichemke, maana agari haiyeyuki kwenye maji ya moto ya kawaida, inataka karibu nyuzi 90 kwenda juu. Juisi yenyewe isiwe ya baridi ya friji. Iwe ya joto la chumba, vinginevyo agari itaganda vipande vipande kabla haijachanganyika. Mimina juisi ndani ya agari taratibu ukikoroga, usifanye kinyume. Weka sufuria juu ya barafu na usiiguse tena. Ikiganda laini, ipitishe mchapo wa mayai polepole, mara chache, ipasukepasuke kama mtindi. Mimina kwenye shashi iliyokunjwa mara kadhaa juu ya bakuli.

Hapo ndipo watu wanaharibu. Acha idondoke. Unaweza kuutikisa mfuko kidogo, ukiukamua kwa nguvu agari inapita na ukungu unarudi.

Ubuyu usijaribu kwa njia hii. Umejaa pektini mno, utapata kijiko cha maji na bakuli la uji. Ubuyu unywe kama ulivyo.

---

Kijiweni_Tu

Kumbe miaka yote nakunywa tope 😂

---

ShaabanTena

Naomba kuuliza kuhusu jelatini. Kuna video niliona mtu anatia jelatini kwenye juisi, anaigandisha friza, kisha anaiacha iyeyuke juu ya kitambaa, inatoka kama maji. Inafaa kwa futari? Maana nataka kuandaa kitu cha tofauti Ramadhani.

---

MkemiaWaMtaa

Kikemia inafanya kazi. Jelatini inashika ukungu, barafu inavunja wavu wake, ikiyeyuka taratibu ndani ya friji yanatoka maji masafi na ukungu unabaki kwenye kitambaa. Inachukua siku moja na zaidi, na friza iwe haifunguliwifunguliwi. Lakini jelatini inatoka kwa mnyama, na nyingi duniani ni ya nguruwe. Nyingine ya ng'ombe. Kama pakiti haina alama ya halali unayoiamini, iache. Agari inatoka kwenye mwani, huna haja ya kuuliza, na inamalizika siku hiyo hiyo.

---

BintiWaForodhani

Kwa hivyo huu mwani unaolimwa Paje na Jambiani ndio chaina grasi?

---

MkemiaWaMtaa

Si huo. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba, spinosamu na kotonii, unatoa karajini, ndugu yake. Agari inatoka kwenye jamii nyingine za mwani mwekundu. Karajini inagandisha vizuri vitu vya maziwa, ila kwa hesabu hii ya gramu 2 usiibadilishe na agari, hutapata jibu lile lile.

---

Mama_Caterer_Kimara

Nimekuja kuleta ya kazini. Mimi naandaa vinywaji vya harusi na vikao, na siku hizi wanakamati wengi wanataka meza ya vinywaji visivyo na pombe yenye hadhi, si soda na maji tu. Ukiwa na ndoo za juisi huwezi kuchuja kwa chujio la chai.

Utaratibu wangu: nachuja mara tatu, tundu kubwa kwenda dogo. Kwanza chujio pana la jikoni kutoa maganda na mbegu. Pili chujio la wavu. Tatu mfuko wa shashi nauning'iniza juu ya ndoo ndani ya friji, usiku kucha, asubuhi naukuta umekamilika. Mtu akianza moja kwa moja na kitambaa, kinaziba dakika hiyo hiyo na vijana wanaanza kukikanda kama unga.

Rosela hata kitambaa wakati mwingine sitii. Nailoweka kwenye maji ya baridi usiku, nachuja kwa wavu, naiacha itulie tena, vumbi lote linashuka chini. Namimina cha juu polepole, mashapo ya mwisho namwaga. Rangi inabaki ya damu ya mzee na haina ule ukakasi wa kuchemsha.

Na sufuria za alumini marufuku kwa ukwaju, ndimu na rosela. Asidi inakula alumini, ladha ya chuma inaingia. Tumieni chuma cha pua au ndoo za plastiki za chakula.

---

Jirani_Mwema

Mama Caterer, kitambaa gani unatumia? Mimi kuna bingwa mmoja kaniambia anatumia stokingi mpya za kike.

---

Mama_Caterer_Kimara

Stokingi! 😳 Ile nguo ina rangi na dawa za kiwandani, haikutengenezwa iguse chakula, tena kwenye kitu chenye asidi. Akanywe mwenyewe.

Melikani nyepesi, bafta au shashi, vyote vinafaa, vyeupe visivyotiwa rangi. Kikiwa kipya kichemshe mara mbili kutoa wanga wa dukani. Baada ya kazi kikung'ute, kisuuze kwa maji ya baridi KWANZA, maana ya moto yanagandisha nyama ya tunda kwenye nyuzi, kisha kichemshe, kianike juani mpaka kikauke kabisa. Sabuni yenye marashi hapana. Kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi kinanuka, na harufu ile mgeni wako ataijua kabla hajakuambia.

Halafu barafu. Umechuja, umesafisha, umevaa glavu, unatia barafu ya maji ya bomba ambayo hayakuchemshwa. Umefanya nini sasa?

---

FundiWaShira

Mama heshima yako. Naongeza kuhusu springi ya Hawthorne: ichomoe, karibu zote zinachomoka, uioshe peke yake. Sukari na nyama ya tunda vikikauka mle ndani vinanuka vibaya kuliko hicho kitambaa.

---

NairobiSiPwani

Sasawa wadau. Kuna mtu ameahidi maziwa kwa kichwa cha uzi na bado sijayaona. Tuambieni.

---

FundiWaShira

Hahaha, nimekusikia.

Hii mbinu ni ya zamani sana. Benjamin Franklin, yule wa Marekani, aliandika yake kwenye barua mwaka 1763, ikiwa na brandi, limau na maziwa. Sisi brandi tunaiacha, kanuni inabaki. Asidi ikikutana na maziwa, protini iitwayo kesini inashikana na kuwa mabonge. Mabonge hayo yanakamata tanini, ile inayokausha ulimi kwenye chai ya rangi, yanakamata na ukungu. Ukichuja, unachobaki nacho ni kinywaji kinachoangaza, kisicho na ukakasi, na laini mdomoni kwa sababu maji ya maziwa yamebaki ndani. Ule uzito tunaoukosa kwa kutokuwa na pombe, sehemu yake inarudi hapa.

Nachemsha chai ya rangi kali, nusu lita, natia iliki na mdalasini, naipoza kabisa. Natia maji ya ndimu mililita 100 na shira 150. Maziwa freshi yenye mafuta yake, mililita 200, nayatia kwenye bakuli KWANZA, kisha namimina chai yenye ndimu juu yake polepole. Ukigeuza, ukamimina maziwa ndani ya ndimu, yanakatika mara moja kwa mabonge makubwa na ukungu mwingi unaponyoka. Usikoroge sana. Iache nusu saa au zaidi.

Halafu chukua karatasi ya kahawa, isuuze kwa maji ya moto kuondoa ladha ya karatasi, iweke juu ya chujio. Mimina. Cha kwanza kitatoka na ukungu, usikate tamaa na usibadilishe karatasi. Mabonge yakishatanda juu ya karatasi, yenyewe ndiyo yanakuwa chujio. Kile cha kwanza kirudishe juu polepole, bila kuyavuruga. Cha pili kinatoka rangi ya asali, unaona kidole upande wa pili wa glasi. Ni polepole, weka friji ukalale.

Kwa rosela inakubali, ila rangi itapungua. Kama unaipendea wekundu wake, fuata njia ya Mama Caterer.

---

Mama_Caterer_Kimara

Kwenye shughuli waambie wageni kwamba ina maziwa. Ikiwa inaangaza vile hakuna atakayedhani, na mwenye mzio wa maziwa hatanusurika kwa sababu yamechujwa. Protini nyingine na sukari ya maziwa vimo. Mimi naandika kibao mezani.

---

Mtoto_wa_Bondeni

Hiyo ya chai nimeielewa. Sijasema nitaifanya, nimesema nimeielewa.

---

NairobiSiPwani

Asante sana. Moja ya mwisho: povu. Nataka ile mokteli yenye povu jeupe juu, na mayai mabichi siyaamini.

---

FundiWaShira

Maji ya kuchemshia dengu kubwa, zile Wahindi wanaita chana, yasiyo na chumvi. Yakiwa mepesi yachemshe yapungue mpaka yawe na ute, yapoe. Mililita 30 kwa glasi. Tikisa kila kitu na barafu kwanza, chuja barafu yote, rudisha kinywaji ndani ya sheka bila barafu na utikise tena mpaka mkono uchoke. Wengine wanaichomoa springi ya Hawthorne na kuitumbukiza humo, inapiga povu kama mchapo.

Kuchuja mara ya mwisho: wavu mwembamba unavunja mapovu makubwa na kuacha madogo, uso unakuwa laini. Ila mimina kwa mkupuo mmoja kutoka juu kidogo, na povu lililobaki kwenye wavu ligonge lishuke.

Soda, kama ipo, usiitikise kamwe. Itie kwenye glasi kwanza, mokteli iliyochujwa imimine juu yake pole pole pembeni, povu litapanda lenyewe.

---

Kijiweni_Tu

Mtungi wa jimu una kidude cha waya ndani cha kutikisia. Kinafaa badala ya springi?

---

FundiWaShira

Kinafaa kabisa. Kioshe tu, kisitoe ladha ya vanila ya protini.